Mwimbaji karudi kutoka Maskati, anataka bendi yetu ifufuke

SWALI

Bi Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mkazi wa Ngamiani, Tanga. Nina umri wa miaka 52, nina mke na watoto watatu, kazi yangu ni fundi friji. Nakuandikia juu ya jambo ambalo mke wangu analiona la kitoto, lakini mimi linaninyima usingizi.

Mwaka 1996 tulianzisha bendi, watu watano. Hatukuwa na amplifaya wala spika. Mimi nilipiga galatoni, yaani gitaa kavu lisilo la umeme, la solo. Mwenzangu alipiga galatoni la rithimu, na ndiye aliyekuwa mwimbaji. Wa tatu alikuwa na kodiani, wa nne dumbaki na tari, wa tano sanduku: lile la mbao za chai lililofunikizwa chini, fimbo na kamba moja ya katani. Mazoezi tulifanyia barazani kwa fundi cherehani baada ya alasiri. Enzi hizo mgao wa umeme ulikuwa hauna taarifa, na bendi zenye vyombo vya umeme zilikuwa zikikatika katikati ya shughuli. Sisi tuliendelea kupiga. Ndivyo tulivyojulikana, tukaitwa harusini Chumbageni, Makorora, Muheza mpaka Pangani.

Mwaka 2001 tulikwenda Dar es Salaam kurekodi kaseti ya nyimbo nane, usiku mmoja, wote chumba kimoja. Msambazaji mmoja wa Kariakoo alitupa fedha taslimu, tukagawana sawa, tukasaini karatasi ambayo nadhani anayo mpiga kodiani. Baada ya hapo hatukupata tena hata senti. Mwaka uliofuata mwimbaji alipata kazi Maskati, akaondoka, na bendi ikafa yenyewe. Mwaka 2014 mwenzetu wa sanduku alifariki. Mwimbaji alikuwa nyumbani likizo, hapa hapa Tanga, na hakuja mazikoni wala hakupiga simu. Mpiga dumbaki hajamsamehe mpaka leo.

Sasa mtu tusiyemjua ameipandisha kaseti yetu yote YouTube, na jina aliloandika ni la mwimbaji peke yake. Vijana wanaisikiliza, wanauliza tuko wapi. Mwimbaji naye amerudi moja kwa moja kutoka Omani. Mwenye ukumbi mmoja wa Raskazone anatutaka tupige usiku mmoja mwezi Desemba, na mwimbaji anataka turekodi upya. Lakini anasema nyimbo ni zake kwa sababu maneno alitunga yeye, kwa hiyo sisi wengine tulipwe kwa usiku kama wapigaji wa kukodi. Ni kweli mashairi ni yake. Lakini vianzio vyote vya gitaa ni vyangu, na nyimbo mbili melodi yake niliitunga mimi kabla yeye hajapata neno hata moja.

Binti wa marehemu, ana miaka 24, alinifuata kazini. Anataka kupiga sanduku la baba yake, na aliniuliza haki ya baba yake iko wapi. Nilikosa la kumjibu. Mpiga dumbaki anasema hapandi jukwaa moja na mtu yule. Na mimi mwenyewe galatoni limening'inia ukutani miaka mingi, vidole vimelainika.

Nikubali au nikatae? Na nikikubali, nianzie wapi?

Mpiga Solo, Ngamiani, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kubali. Nalisema mapema ili usome yaliyobaki ukijua nimesimama wapi.

Mwambie mke wangu huyo, maana mke wa mwanangu ni wangu pia, kwamba jambo hili si la kitoto hata kidogo. Watu watano mlifanya kazi iliyobaki hai zaidi ya miaka ishirini, tena bila mtu yeyote kuitangaza. Tanga ni mji uliotoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na ukatoa Black Star na Lucky Star upande wa taarabu. Bendi hizo tunazijua leo kwa sababu sauti zao zilirekodiwa na kutunzwa. Zipo nyingine nyingi zilizopiga kwenye mabaraza hayo hayo na hakuna anayekumbuka hata wimbo wao mmoja. Yenu imeponea kwenye kaseti ya mtu msiyemjua, na hiyo ni bahati ya kushikwa kwa mikono miwili.

Lakini nimesoma barua yako mara ya pili na nikaona umechanganya mambo mawili. Lipo la msiba, na lipo la haki. Mkiyaweka kwenye kikao kimoja mtaharibikiwa, kwa sababu mpiga dumbaki atakuwa anazungumzia maziko huku mwimbaji akijibu juu ya mashairi, na kila mmoja atamwona mwenzake anakwepa. Anza na la msiba. La haki lisubiri wiki moja au mbili.

Mfuate mwimbaji peke yako, usiende na mtu. Usimtajie fedha, ukumbi wala YouTube. Mwambie: kaka, kabla ya kugusa chombo chochote, kuna nyumba hatujaenda. Mpeleke kwa mjane na watoto wa marehemu akatoe mkono wa pole. Miaka imepita, najua, lakini kwetu pwani mlango wa msiba haufungwi kwa anayekuja kwa adabu. Aende mchana, avae kanzu, abebe chochote cha jikoni, sukari na mchele vinatosha, akae chini, aseme kwamba alikuwa mjini siku ile na hakuja. Asianze kueleza sababu mpaka aulizwe. Kama familia ikiridhia, isomwe dua pale pale. Huyo mpiga dumbaki usimwite siku hiyo. Atazipata habari kabla ya magharibi, naujua Ngamiani. Kisha mwache mwenyewe aamue. Akibaki na uchungu wake, ni haki yake, na mtatafuta dumbaki mwingine bila kumsema vibaya. Ila mimi naamini atakuja, kwa sababu mtu aliyekasirika kwa ajili ya rafiki kwa muda wote huo ni mtu anayewapenda.

Sasa la haki, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo bendi nyingi zinapozama.

Mwimbaji wako amesema nusu ya ukweli. Maneno aliyoyatunga ni yake, hakuna wa kumnyang'anya. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu kazi inapotoka mikononi mwake, hata kabla hajaisajili popote, na ulinzi huo unaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini wimbo si maneno tu. Melodi uliyoitunga wewe ni utunzi, na kwa zile nyimbo mbili wewe na yeye ni watunzi wenza. Mwambie hivyo kwa upole na bila kuomba radhi. Vianzio vya gitaa vinahitaji mazungumzo. Kama ni pambo la kupita, hesabu ni kazi ya mpigaji. Kama ndicho kianzio ambacho watu wakikisikia ukumbini wanapiga vigelegele kabla mwimbaji hajafungua mdomo, basi kimo ndani ya wimbo, na una haki ya kudai sehemu yako.

Halafu kuna neno la pili katika jina la sheria hiyo, hakishiriki. Hilo linamhusu aliyepiga na aliyeimba, hata kama hakutunga chochote. Kodiani iliyosikika kwenye kaseti ina mwenyewe. Dumbaki ina mwenyewe. Sanduku lina mwenyewe, na mwenyewe amefariki, kwa hiyo swali la binti yule ni swali halali, na wewe uliyekosa la kumjibu sasa unalo: haki ya baba yako ipo, inakwenda kwa warithi wake. Mweleze pia kwamba warithi ni wengi. Yupo mama yake, wapo ndugu zake. Familia ikae, na kama hawajawahi kufungua mirathi, waende Mahakama ya Mwanzo wakateuliwe msimamizi, ili fedha ikija ipokelewe na mtu mmoja anayetambulika. Usimkabidhi binti fedha ya urithi mkononi kwa sababu tu ndiye aliyekufuata kazini. Utawagombanisha ndugu.

Jambo la tatu ni ile rekodi yenyewe ya mwaka 2001. Mfuate mpiga kodiani leo hii umwombe karatasi mliyosaini. Muisome neno kwa neno. Kuna tofauti kubwa kati ya kumuuzia mtu ruhusa ya kutoa nakala za kaseti na kumhamishia haki zenu zote. Wasanii wengi wa miaka ile walisaini bila kujua wamesaini lipi kati ya hayo mawili, na wasambazaji hawakuwa na haraka ya kuwaeleza. Kuhamisha haki kunataka maandishi, kwa hiyo maandishi hayo ndiyo yatakayowaambia mmebaki na nini. Mkishaisoma, ibebeni pamoja na orodha ya nyimbo nane mwende COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mkaulize na mkasajili. Kusajili hakuzai haki, ila siku ya ubishi kunakupa ushahidi wa tarehe na majina.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na muziki wa kwetu umeonja hilo kwa uchungu. Tazama wimbo wa Malaika. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi na Jambo Boys na jina lake ndilo lililoenea nao. Adam Salim akadai kwamba yeye ndiye aliyeutunga, mwaka 1945. Miriam Makeba akauimba, Boney M. wakauimba, dunia nzima ikaujua, na Fadhili William akafariki mwaka 2001 ubishi ukiwa haujaisha. Ninyi hamjafika huko. Wote wanne mlio hai mnajua nani alifanya nini, na mnaweza kuyaandika kwa mchana mmoja.

Basi fanyeni hivi. Chukueni daftari, kila wimbo ukurasa wake. Juu andikeni jina la wimbo. Chini yake: maneno ya nani, melodi ya nani, kianzio cha nani, nani alipiga nini kwenye kaseti. Msibishane juu ya asilimia kabla ya kumaliza kurasa zote nane, maana mkianza na asilimia kwenye wimbo wa kwanza hamtafika wa pili. Mkimaliza, gawanyeni fedha kwa chanzo chake. Ya ukumbi wa Desemba, toeni gharama kwanza, kisha mgawane sawa kwa sawa wote mtakaopanda jukwaani, mwimbaji akiwa mmoja wenu. Ya utunzi iende kama daftari linavyosema, na hapo mwimbaji atapata nyingi kuliko ninyi, mwacheni apate. Itakayotokana na rekodi ya zamani, kama karatasi ya msambazaji inawaruhusu, iwe mafungu matano, la tano likiwa la warithi. Saini zote, mashahidi wawili, nakala kwa kila mmoja. Neno la wapigaji wa kukodi alifute. Akikataa kulifuta baada ya hayo yote, hapo ndipo nitakuambia uache, na ukumbi wa Raskazone utafute bendi nyingine.

Huyo aliyeipandisha kaseti YouTube msimkimbilie na vitisho. Njia ya kumshtaki kwa YouTube ipo, lakini ninavyoona mimi, yeye ndiye aliyewaokoa. Mwandikieni ujumbe wa heshima, mjitambulishe, mmwombe aandike majina yote matano na kila mmoja chombo chake. Mwulizeni pia kama kaseti aliyonayo ni safi. Kama ni safi kuliko yenu, mwombeni nakala kubwa isiyobanwa, muihifadhi sehemu mbili tofauti. Na kama mmoja wenu ana kaseti ya asili, asiitie kwenye redio kuukuu kujaribu. Ikishaliwa haitengenezeki.

Kuhusu kurekodi upya, nawaunga mkono, kwa sharti moja: msiende kurekodiwa mmoja mmoja na mdundo wa kompyuta masikioni. Bendi yenu ilikuwa ni watu watano wanaotazamana, na mkitenganishwa hakuna kitakachobaki cha kurekodi. Mwaka 1952 Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, Katanga, mji unaoitwa Likasi sasa. Gitaa moja kavu, sauti moja, Kiswahili cha Kongo, dole gumba likipiga besi na kidole cha shahada kikicheza juu. Wapiga gitaa mpaka leo wanakaa chini kuzitafuta njia za vidole vile viwili. Hakukuwa na studio ya fahari. Ninyi mnahitaji chumba kisicho na mwangwi, fundi mwenye maikrofoni nzuri mbili au tatu, na subira. Nyumba zetu zina sakafu ya vigae na kuta tupu, sauti inarudi kama bafuni, kwa hiyo tandikeni mikeka, tundikeni mablanketi ukutani. Rekodini usiku baada ya isha, bodaboda zikipungua. Zimeni feni. Na friji, wewe fundi unalijua zaidi yangu: ule mngurumo wake haumsumbui mtu chumbani, lakini maikrofoni inaumeza wote na utausikia chini ya kila wimbo. Mwimbaji akae mbele, kodiani nyuma kabisa maana ina sauti kubwa, galatoni mbili zikaribie maikrofoni. Sanduku mliweke juu ya mkeka, na binti aegemeze mguu wake juu lisitembee.

Ndiyo, nimesema binti. Kama anajua kupiga. Mjaribuni kwa haki, nyimbo mbili za taratibu na moja ya kasi, bila kumhurumia. Sanduku ni chombo cha hila. Halina alama ya kidole, sauti yote inatoka kwenye namna fimbo inavyovutwa na sikio linavyoongoza mkono, na anayekosea kidogo anaipotosha bendi nzima. Akiweza, apande na alipwe kama ninyi, na malipo hayo ni jasho lake, msiyachanganye na fungu la urithi. Akiwa bado, apewe muda na mtafute wa kushikilia Desemba. Atasikitika, lakini ni bora kuliko kumpandisha akazomewa na sanduku la baba yake mkononi.

Sauti ya mwimbaji nayo itakuwa imeshuka. Ya kila mtu hushuka. Msisubiri siku ya onyesho kuligundua hilo. Shusheni ufunguo nusu sauti au sauti nzima, na kama vianzio vyako vinategemea nyuzi wazi, zisizobanwa na kidole, legeza nyuzi zote badala ya kubadili vidole, upate kubaki na milio ile ile. Msijilazimishe kupiga kwa kasi ya mwaka 2001. Orchestra Baobab ya Dakar ilianzishwa mwaka 1970, ikasambaratika miaka ya 1980, ikarudi mwaka 2001 na wengi wa wanamuziki wake wa zamani. Walirudi na umri wao, hawakujifanya vijana, na watu wakawapokea.

Vidole vyako visikutie hofu. Rubén González wa Kuba, mpiga piano aliyezaliwa mwaka 1919, alikuwa na baridi yabisi na hakuwa hata na piano nyumbani alipoitwa studio ya EGREM mjini Havana mwaka 1996. Akakaa, akapiga, na dunia ikamsikiliza. Lako ni dogo. Lishushe galatoni ukutani leo. Kabla ya kukaza nyuzi, litazame kwa ubavu kama shingo imepinda, na uguse daraja kama limeanza kubanduka, maana hewa ya chumvi ya Tanga haina huruma na gundi. Nyuzi za zamani zitupe zote, zitakuwa na kutu na zitakukata. Weka nyuzi nyembamba kwanza. Piga robo saa asubuhi na robo saa usiku, acha kidole kikianza kuuma, na usikiloweke kwenye maji kabla ya kupiga. Ngozi itakaza ndani ya wiki chache. Kumbukumbu ya vidole hurudi kabla ya nguvu yake, kwa hiyo usishangae ukikijua kianzio lakini mkono ukachoka katikati.

Mwenye ukumbi mwambie utampa jibu baada ya kikao cha daftari, na usipokee malipo ya awali kabla ya hapo. Fedha ikishaingia mfukoni mwa mmoja wenu, kikao kitageuka kuwa cha madeni. Mwombe pia akuandikie anataka saa ngapi za muziki na kama vyombo vya sauti ni vyake au vyenu, kwa sababu ukumbi wa Raskazone wenye upepo wa bahari si baraza la fundi cherehani, na galatoni bila maikrofoni halitavuka meza ya tatu. Kama hataki kuandika, bei ipande.